Betri Moja, Vyanzo Vitatu: Utunzaji wa Umeme katika Mashua za Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya wavuvi, Dar es Salaam)



Nimeombwa nizungumze juu ya kifaa kinachonunuliwa mara kwa mara kwa fedha za chama, na ambacho aghalabu hufa kabla ya wakati wake: betri ya mashua. Mashua nyingi zivuazo usiku hutegemea betri kwa taa za kuvutia dagaa, na zenye stata huitegemea pia kwa kuwashia injini. Betri ikifa nje ya Mbudya, hasara si ya samaki peke yake. Mabaharia hubaki gizani, injini haiwaki, na meli ziendazo bandarini haziwaoni.

Mashua yenye injini ya ndani yaweza kuchajiwa kwa njia tatu: oltaneta ya injini, paneli ya jua, na chaja ya umeme wa nyumbani betri iletwapo nchi kavu. Wapo wasemao kuwa vyanzo viwili visiunganishwe pamoja, kwa kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini umeme si ng'ombe. Kila chanzo kizuri kina kidhibiti chake. Volti za betri zikipanda hadi kiwango kilichowekwa, karibu 14.4 kwa betri ya asidi ya volti 12, kidhibiti hupunguza mkondo. Chenye kiwango kikubwa zaidi huendelea, na kingine hupumzika bila kudhurika.

Tufanye hesabu ambayo katibu yeyote aweza kuifanya. Taa nne za wati 15 hula wati 60, yaani ampea 5. Zikiwaka tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, zimekula ampea-saa 50. Hiyo ni nusu ya betri ya ampea-saa 100, na betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu kila siku. Kuzirudisha 50 kwahitaji kutia kama 60, maana nyingine hupotea njiani. Paneli ya wati 100 katika siku ya jua kali hutoa kama 25. Zilizobaki 35 zahitaji chaja ya ampea 10 kwa saa tatu na nusu au zaidi, ama mwendo mrefu wa injini. Chama kinachotegemea paneli moja tu kinaiua betri yake polepole, na lawama humwendea muuzaji.

Katika kuunganisha, tuzingatie mambo haya:

Kwanza, kila chanzo kiwe na waya wake hadi kwenye betri, na fyuzi karibu na betri.

Pili, paneli isiunganishwe bila kidhibiti. Isipobebeshwa mzigo, paneli ya betri ya volti 12 hupanda zaidi ya volti 20, nayo huchemsha betri hata ikakauka. Wala umeme wa oltaneta usipitishwe katika kidhibiti cha paneli.

Tatu, betri ya stata itengwe na betri ya taa, ili taa zikimaliza umeme wao injini iwake. Swichi ya betri isizimwe injini ikiwa inazunguka, kwani oltaneta yaweza kuungua.

Nne, betri mpya isifungwe pamoja na kuukuu, wala ya asidi na ya lithiamu. Ya lithiamu huvuta mkondo mkubwa ambao waweza kuchosha oltaneta, nayo yataka vidhibiti vilivyowekewa viwango vyake.

Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ilipukayo kwa cheche moja. Sanduku lake liwe na tundu la hewa juu, na sigara ikae mbali. Maji ya bahari yakiingia katika asidi huzaa klorini, gesi ya sumu. Kwa hiyo sanduku lifungwe imara, juu ya maji ya mkwiji.

Ndugu Makatibu, vifaa hivi vyote hupatikana katika maduka yanayolizunguka Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Tusimtume baharia mmoja mmoja akabahatishe bei. Chama kinunue kwa pamoja, kidai risiti na dhamana kwa maandishi, na kipime volti dukani. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, isomayo 12.2 imebakiwa na nusu tu.

Mwisho, kila mashua iwe na daftari. Nahodha aandike volti kabla ya kutoka na baada ya kurudi, akiwa amezima taa na chaja kwa muda. Volti zikishuka wiki hata wiki, chama kitajua mapema kwamba ama betri imechoka ama chanzo kimoja hakifanyi kazi. Daftari hilo hugharimu fedha kidogo, nalo ndilo litakalowaambia wanachama mkutanoni fedha zao zilikwenda wapi.