Hotuba ya kuaga: ameacha maneno au ameacha kitu?



Vijana wenzangu, nimeombwa niseme kuhusu viongozi wanavyoaga. Nimechagua hotuba moja tu, ya Barack Obama, aliyoitoa Chicago tarehe 10 Januari 2017, siku kumi kabla ya kumkabidhi Donald Trump ofisi. Wengi huku kwetu tuliisikiliza kama anayeaga ni mtoto wa Kogelo. Na mtu ukishampenda, hata masikio hulegea.

Tuanze na haki yake. Umati ulipopiga kelele kutaka miaka minne zaidi, aliwaambia hilo hawezi. Katiba yao ni mihula miwili, basi. Julai 2015, pale Addis Ababa kwenye Umoja wa Afrika, alikuwa ashasema kwamba akigombea tena anadhani angeshinda, lakini sheria ni sheria. Wakati huo bara letu lina marais waliokalia kiti zaidi ya miaka 30!

Sasa kuna mahali hotuba ya Chicago inatuhusu sisi moja kwa moja. Alisema anakataa ubaguzi dhidi ya Waislamu wa Marekani, na kwamba ni wazalendo sawa na wenzao. Wakati ule haikuwa jambo dogo, manake anayeingia alikuwa amefanya kampeni akitaka Waislamu wafungiwe mlango. Na lilikuwako tendo pia. Disemba 2016 serikali ya Obama ilifuta kanuni za lile daftari la mwaka 2002, ambalo wanaume wageni kutoka nchi 25, karibu zote za Waislamu, walilazimishwa kwenda kujiandikisha na kuchukuliwa alama za vidole. Anayetaka daftari kama hilo tena, aanze upya. Hapo nampa pongezi bila kusita.

Lakini hebu tega sikio kwenye vitenzi. Mateso, alisema wameyakomesha. Guantanamo, alisema wamefanya kazi ya kuifunga. Mwaona tofauti? Kufanya kazi ya kufunga si kufunga. Tarehe 22 Januari 2009, siku mbili tu baada ya kuapishwa, alitia saini amri kwamba jela ile ifungwe ndani ya mwaka mmoja. Bunge likamwekea kizuizi, hilo ni kweli, likakataza pesa za kuwahamishia wafungwa Marekani. Siku anatoka Ikulu bado mlikuwa na watu 41.

Mmoja wao Mkenya. Alikamatwa Mombasa mapema 2007, akatolewa nchini, hakufunguliwa mashtaka huko hata siku moja, akarejeshwa Kenya Disemba 2024. Hesabuni wenyewe, karibu miaka 18. Marais wanne wa Marekani wamepita juu ya kichwa chake. Na tusimtupie Obama mzigo wote, kwa sababu mkono uliomkamata ulikuwa wa serikali yetu wenyewe. Kwa hivyo kiongozi akiaga, wetu au wa watu, usiulize amesema vizuri kiasi gani. Uliza nani bado yuko ndani.

Kuna jambo moja katika hotuba ile nalipenda kuliko yote. Aliwaambia wasioridhika na viongozi wao washike karatasi, wakusanye saini, wagombee wenyewe. Huyu kabla ya siasa alikuwa akihamasisha watu mitaani huko huko Chicago, kazi kama hii yetu, kwa hivyo alijua anachosema.

Na haikuchukua muda. Tarehe 27 Januari, wiki moja tu baada ya kuapishwa, Trump alitia saini amri ya kuzuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo. Mnajua ndugu zetu wangapi hapa wana jamaa huko. Kesho yake watu walifurika viwanja vya ndege, mawakili wakakaa sakafuni na kompyuta zao wakiandika maombi ya dharura, na usiku huo huo jaji mmoja wa Brooklyn akasimamisha kurudishwa kwa waliokuwa wamekwama pale. Obama alikuwa raia wa kawaida tayari. Waliofanya kazi hiyo ni watu waliokuwa na simu za mawakili mfukoni kabla ya shida kufika.

Sisi tunazo? Karatasi inazunguka sasa hivi. Kama unamjua wakili, hata mwanafunzi wa sheria, andika jina na namba yake. Kisha tuchukue maswali, tuanze upande wa kina dada.