Mkono Kabla ya Miwani: Uhalisia Pepe na Ufundishaji wa Sanaa Vuga

Uhalisia pepe, yaani mandhari inayoundwa na kompyuta na kuonekana kana kwamba inamzunguka mtu aliyevaa miwani yenye skrini ndogo na vihisi vinavyofuata mwendo wa kichwa chake, umeanza kutetewa kama dawa ya umbali: mwanafunzi wa Vuga, aliye mlimani mbali na makumbusho, ataletewa makumbusho darasani, na upungufu wake wa elimu ya sanaa utakuwa umekwisha. Hoja hiyo haina budi kupingwa, kwa kuwa inachukulia kwamba kujifunza sanaa ni kutazama vitu vilivyokwisha kukamilika.

Kwamba Vuga ilikuwa makao ya watawala wa Kikilindi, na kwamba mmisionari Krapf alifika huko kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, ni mambo yasiyohitaji kurudiwa. Kinachosahauliwa ni kuwa milima hiyo ya Usambara ilikuwa na ufundishaji wake wa sanaa. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeitumikia serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 kitabu kuhusu sanamu za udongo za jando na unyago, zikiwemo za Wasambaa, na kitabu hicho kinastahili kusomwa polepole kuliko kinavyosomwa. Sanamu hizo zilifinyangwa bila kuchomwa, zikapakwa nyeupe, nyekundu na nyeusi, na ziliendana na nyimbo za mafumbo ambazo mwali alifumbuliwa huku kitu chenyewe kikiwa mbele yake. Sanamu bila wimbo ilikuwa nusu ya somo. Miwani inayomfungia kila mwanafunzi peke yake humtenga na kungwi, wimbo na wenzake, na ajabu ni kwamba watetezi wake huuita utengano huo kuzama katika sanaa.

Lipo pia suala la mkono. Mfinyanzi wa Usambara, ambaye kwa desturi ni mwanamke, hujua kwa kidole gumba kama ukingo wa chungu umekuwa mwembamba mno, na ukianza kulegea huuacha upigwe na hewa kabla ya kuendelea. Vishikio vya uhalisia pepe hutetemeka vinapokutana na kitu, lakini havina uzito wa udongo wala ukaidi wake. Mwandishi wa mhadhara huu, alipoijaribu Tilt Brush, programu ya Google ya mwaka 2016 ya kuchora hewani, alichora chungu kisichoweza kuporomoka, akajivuna kwa dakika chache. Chungu cha namna hiyo hakimfundishi mfinyanzi lolote.

Ni kweli kwamba Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliyapima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani, na kwamba mwanafunzi akitembezwa humo kwa miwani atauelewa msikiti mkuu kuliko kwa picha ya kitabuni. Hata hivyo, ratiba ya somo ianze na udongo, kisha miwani ifuate.

Ama sanamu alizokusanya Cory, zilizomo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, kuzipiga skani si kazi ya fundi wa kompyuta pekee, kwani zilikusudiwa macho ya wali na walimu wao. Mwalimu anayezitaka darasani akae kwanza na wazee na makungwi wa Vuga, akiwa tayari kukataliwa.