Njia Tatu za Mlima Mmoja

(Mazungumzo yaliyosomwa katika redio)

Leo tungependa kufikiri pamoja nanyi juu ya safari ambayo vijana wengi wa makanisa yetu huipenda, nayo ni safari ya kuupanda Mlima Kenya. Shule zikifungwa, hasa mwezi wa Agosti, vikundi huchanga nauli, huazima makoti mazito na mifuko ya kulalia, na kuondoka wakiimba. Ni jambo jema, na wengi hurudi na afya na furaha. Lakini wengine hurudi wamebebwa, na wako ambao hawakurudi kamwe. Mara nyingi taabu yao ilianzia nyumbani, siku ile walipoketi kuchagua njia.

Swali la kwanza, karibu katika kila kikundi, huwa ni hili: "Njia ipi ni fupi?" Swali hilo lina sababu zake. Fedha ni chache, na Jumatatu watu wanatakiwa kazini. Hata hivyo twawasihi, ndugu zetu, mtangulize swali lingine: "Kati yetu ni nani aliye dhaifu kuliko wote, na njia ipi inamfaa yeye?"

Kwanza na tuufahamu mlima wenyewe. Una vilele vingi, lakini vitatu ndivyo vinavyotajwa sana, navyo vilipewa majina ya malaiboni wa Kimaasai. Batian una mita 5,199, Nelion mita 5,188, na Lenana mita 4,985. Ukitazama tarakimu hizo utadhani Batian na Lenana ni mtu na nduguye, kwa maana wamepitana mita 214 tu. Lakini kwa mpandaji ni tofauti ya ngazi na ukuta. Batian na Nelion ni miamba iliyosimama wima, nayo hupandwa kwa kamba na vyuma na watu waliofundishwa kazi hiyo. Lenana hupandwa kwa miguu. Kwa hiyo tunaposema habari za safari ya kanisa, tunasema habari za Lenana, wala mtu yeyote asiwashawishi vijana wetu wajaribu miamba ile kwa ushujaa tu.

Pili, na tuufahamu mwili. Mtu akifika Lenana, kila pumzi anayovuta ina oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ambayo angevuta akiwa Mombasa. Mungu ameuumba mwili uweze kuzoea hali hiyo, lakini huzoea kwa siku, hauzoei kwa saa. Waganga hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na kila baada ya siku tatu au nne apate siku ya kupumzika. Asiyefanya hivyo huweza kupatwa na ugonjwa wa mlima. Kichwa humuuma, moyo humchafuka, chakula humchukiza, usingizi humtoroka.

Na hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba ugonjwa huu ni wa wanyonge. La hasha! Kijana hodari wa mpira aweza kuanguka nao, na mama wa makamo anayefuata nyuma pole pole asiuone kabisa. Nguvu za miguu si kinga. Tena mara nyingi mwenye nguvu ndiye huugua, kwa kuwa nguvu zake humpeleka juu upesi kuliko damu yake inavyoweza kuzoea.

Basi, tuzitazame njia tatu zinazotumiwa sana, na tuzipime kwa kipimo hicho.

Njia ya Naro Moru hupanda kutoka magharibi. Hii ndiyo ya haraka, na kwa hiyo ndiyo inayopendwa na wenye siku chache. Lango lake liko kwenye mita 2,400 hivi. Usiku wa kwanza watu hulala penye kituo cha hali ya hewa, kwenye mita 3,050. Kesho yake hupita katika kinamasi kilicho mteremkoni, ambapo buti huzama matopeni hatua baada ya hatua, kisha huingia bonde la Teleki na kulala kambi ya Mackinder, kwenye mita 4,200. Fanyeni hesabu wenyewe. Kati ya usiku wa kwanza na wa pili mtu amepanda mita 1,150, zaidi ya mara mbili ya kile kipimo cha waganga. Kisha saa nane au saa tisa za usiku huamshwa katika baridi kali, apande mita nyingine karibu 800 juu ya kokoto zinazoteleza. Mwenye mazoea ya milima, na ambaye amekwisha kuupima mwili wake huko juu, aweza kuifuata njia hiyo. Kwa mgeni, ufupi wake ndio mtego wake, isipokuwa akubali kuongeza siku.

Njia ya Sirimon huanzia upande wa kaskazini magharibi, ukiiacha barabara ya Nanyuki kwenda Meru. Upande huo mvua ni kidogo, kwa hiyo njia ni kavu, na mpando wake ni wa taratibu zaidi. Kutoka langoni, penye mita 2,650 hivi, mtu hufika kambi ya Old Moses, mita 3,300, na siku inayofuata kambi ya Shipton, mita 4,200, chini ya miamba ya Batian. Hapo nako pana mita 900 kwa siku moja, nazo bado ni nyingi. Ndiyo maana wenye busara hulala Old Moses usiku wa pili pia. Mchana hutembea juu kwa saa kadhaa, wakala chakula chao huko, kisha wakarudi kulala chini. Siku hiyo moja, ambayo kwa macho ya mwenye haraka imepotea bure, ndiyo huwafikisha wengi. Kwa kikundi cha kanisa kinachopanda mara ya kwanza, sisi twaona hii ndiyo njia inayofaa.

Njia ya tatu ni ya Chogoria, kutoka mashariki. Wapresbiteri wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya hospitali ya misheni iliyo mjini huko. Ni njia ndefu, inayopita msitu wa mianzi, karibu na ziwa Ellis, na kando ya bonde lenye magenge marefu, ambalo chini yake limelala ziwa Michaelson. Walioona njia zote tatu wengi husema hii ndiyo nzuri kuliko zote. Lango lake lipo juu, karibu mita 3,000, na kuna mahali pazuri pa kugawanya safari kabla ya kufika kambi ya Minto. Lakini huko juu ni lazima kuchukua mahema, na mwendo wa kila siku ni mrefu. Yawafaa watu wenye siku za kutosha, wapagazi wa kutosha, na magoti mazima. Wengine hupanda kwa Sirimon na kushuka kwa Chogoria, nao hufanya vema, mradi wayakumbuke maneno ya wazee: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Sasa, mtu ataujuaje uwezo wake kabla ya kwenda? Asijipime kwa maneno. Ajipime kwa mlima mdogo. Mlima Longonot una mita 2,776, na kuuzunguka ukingo wake ni kazi ya siku moja. Ukishuka jioni na miguu ikakataa hata kukupandisha kwenye gari, umejifunza jambo. Baada ya huo uko Satima katika milima ya Nyandarua, wenye urefu wa karibu mita 4,000. Hapo mtu huonja hewa nyembamba, akaona kichwa chake kinasemaje. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua, na mama mja mzito, wamwone daktari kwanza. Na yeyote asifiche jambo kwa kuogopa kuachwa nyumbani.

Tuseme basi kuna kikundi cha watu kumi na wawili. Tisa ni vijana wenye nguvu, wawili ni wasichana wa kidato cha pili ambao hawajapanda hata Longonot, na mmoja ni mzee wa kanisa mwenye miaka hamsini na minane, ambaye wazazi wamemwomba awasindikize watoto wao. Wale tisa wakipiga kura, njia fupi itashinda. Lakini je, kura hiyo ni ya haki?

Twakumbuka habari za Yakobo alipokutana na Esau nduguye baada ya miaka mingi. Esau alikuwa na wanaume mia nne, naye alitaka wafuatane safarini. Yakobo akamwomba atangulie. Alisema kwamba watoto wake walikuwa wachanga na mifugo yake ilikuwa inanyonyesha, na kwamba ikisukumwa sana hata siku moja tu, kundi lote litakufa. Yeye angekwenda polepole, kwa kadiri ya mwendo wa mifugo iliyomtangulia na mwendo wa watoto. Habari hizo zimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo hakuona haya kusema hivyo mbele ya watu mia nne. Alijua ni nani aliokabidhiwa.

Vivyo hivyo kiongozi wa safari. Achague njia kwa ajili ya wale wasichana wawili na yule mzee. Katika mwendo, walio wazito watangulie, na wenye nguvu wafuate nyuma yao. Tena kikundi kama hicho kisiende na kiongozi mmoja tu. Kwa maana mtu mmoja akiugua usiku, ni nani atakayeshuka naye, na ni nani atakayebaki na wengine? Mgonjwa haachwi peke yake kambini, wala hatumwi ateremke peke yake.

Na dalili za hatari zijulikane na kila mtu. Mwenye kuumwa kichwa na kichefuchefu asipande tena mpaka apate nafuu. Lakini akianza kuhema hata akiwa ameketi, au kukohoa povu, au kupepesuka kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka, hapo hakuna kungoja asubuhi. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kushuka.

Kugeuka si aibu. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, wafungwa wa vita katika kambi ya Nanyuki, walitoroka kwa shabaha moja tu, kuupanda mlima walioutazama kila siku wakiwa ndani ya seng'enge. Majina yao ni Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Barsotti hakuwa na afya ya kupanda miamba. Wenzake wawili waliujaribu Batian, na mwamba na dhoruba vikawashinda. Wangeweza kujitia kiburi, wakaangamia pale. Waligeuka, wakapumzika, kisha wakaupanda Lenana na kusimika bendera yao. Baadaye walirudi kambini wenyewe kwa hiari. Watu hao hutajwa hata leo, na hakuna anayewacheka kwa sababu ya Batian.

Lakini sisi katika makanisa yetu mara nyingine tunacheka. Jumapili picha ya kileleni huonyeshwa, wote hupiga makofi, na yule aliyeshuka kutoka kambi ya Shipton akimshika mkono mwenzake mgonjwa hayumo katika picha. Huyo naye aitwe mbele. Huenda ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko wote.

Na hali ya mlimani yafanana na mambo mengi ya ushirika wetu. Tunapopanga harambee, je, tunapanga kwa mwendo wa wanaume mia nne wa Esau, au kwa mwendo wa watoto? Wako mama wajane walioacha kuja ibadani, si kwa kukosa imani, bali kwa sababu orodha ya michango ilisomwa kwa sauti na majina yao yakakosekana. Tulifika kileleni, jengo likasimama, nao tukawaacha njiani.

Kwa hiyo, wapenzi, mnaokusudia kwenda mlimani mwaka huu, ketini kwanza. Hesabuni watu wenu, na siku zenu, na mita zenu. Nendeni katika miezi mikavu, Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mkiona fedha hazitoshi kwa siku tano, msizipunguze siku. Panda Longonot mwaka huu, na Lenana itawangoja mwaka ujao, kwa kuwa mlima hauhami. Na amri ya kurudi itolewe kabla ya kuondoka, kila mtu aisikie: saa fulani ikifika, popote tulipo, tunageuka.

Mwenda pole hajikwai. Mungu awape macho ya kumwona aliye nyuma yenu, na subira ya kumngojea. Kwa herini, hadi juma lijalo.