Kabla ya Kunyonywa Mafuta, Uliza Haya

Mazungumzo na wakazi wa mitaa ya Eastlands



Matangazo ya kutoa kitambi kwa saa chache yamejaa kwenye simu zetu. Sikuja kumsuta anayetaka umbo jipya. Mwili ni wake. Nimekuja kwa sababu mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki moja jijini Nairobi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) likaagiza kliniki hiyo ifungwe.

Zamani mrija uliingizwa mwilini pakavu, na robo au zaidi ya kilichonyonywa ilikuwa damu. Mwaka 1987, daktari wa ngozi wa Marekani, Jeffrey Klein, alichapisha njia nyingine. Maji mengi ya chumvi, yenye dawa ya ganzi iitwayo lignokeini na adrenalini kidogo, hudungwa kwenye mafuta hadi ngozi ikakaza. Ganzi huzuia maumivu, nayo adrenalini hubana mishipa midogo. Kwa njia hiyo, damu ni takriban asilimia 1 tu ya kinachonyonywa.

Ni hatua kubwa, lakini kuna mambo mawili ya kujua.

Kwanza, ganzi ikizidi ni sumu. Hupimwa kwa uzito wa mgonjwa: kwa njia hii, Klein aliweka kikomo cha miligramu 35 kwa kila kilo, yaani 2,100 kwa mtu wa kilo 60. Tena huingia kwenye damu polepole, na inaweza kufika kilele saa 12 hivi baadaye, ukiwa umeshalala nyumbani. Ukihisi midomo imekufa ganzi, masikio yanavuma, una kizunguzungu, ulimi mzito au mwili unatetemeka, usingoje kuche. Nenda hospitali yenye huduma za dharura, kama Mama Lucy Kibaki, na useme wazi ulifanyiwa nini. Aibu isikufungie ndani.

Pili, kupoteza damu kidogo si kwamba hatari imekwisha. Mrija unaweza kutoboa utumbo, na donge la damu au mafuta linaweza kuziba mishipa ya mapafu. Ndiyo maana anayetolewa zaidi ya lita 5 anafaa kufanyiwa hospitalini na kulazwa usiku huo.

Basi uliza kabla ya kulipa. Kituo kina leseni ya mwaka huu? Daktari amesajiliwa kama mtaalamu wa upasuaji wa aina hii? Nani atasimamia ganzi, na kiasi gani? Zitatolewa lita ngapi? Usiku nikizidiwa, nani atashika simu? Majina ya madaktari na vituo vilivyosajiliwa yako kwenye tovuti ya KMPDC, hakikisha mwenyewe.

Ukijibiwa kwa hasira, au kwa kupunguziwa bei, chukua mkoba wako uondoke.