Kijana na Poda ya Misuli

Kijana wako ameanza kunyanyua vyuma, na sasa anataka pesa za poda ya kujenga misuli. Usimgombeze kwanza. Mwambie alete kopo mlisome pamoja.

Ikiwa ni protini ya maziwa tu, haina maajabu. Humfaa asiyepata protini ya kutosha katika chakula. Lakini yai moja lina gramu 6 hivi, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15. Omena nayo usiidharau. Bei yake waijua.

Hofu yangu ni poda zisizo na maandishi ya kueleweka. Baadhi zimepatikana zimechanganywa na steroidi kisirisiri. Steroidi huharibu ini, hupunguza mbegu za kiume, na kwa kijana anayekua huweza kumzuia asirefuke. Tena kuna unga wa kafeini tupu: kijiko kimoja cha chai ni kama vikombe 28 vya kahawa. Chaweza kuua.

Ukiona macho yake ni manjano, mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa, au moyo unamwenda mbio, aache mara moja. Mpeleke kituo cha afya, na hilo kopo libebe.