Tukiongezewa Miaka
Wako wataalamu wanaochunguza chembechembe za mwili wakitafuta njia ya kuzuia uzee. Wengine wanatumaini kwamba siku moja hata kifo kitashindwa. Je, Mkristo aseme nini?

Tusiidharau elimu. Ndui, iliyoua mamilioni, ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imekomeshwa duniani. Hiyo ni rehema ya Mungu kwa mikono ya wanadamu. Lakini Jeanne Calment wa Ufaransa, ambaye hakuna aliyethibitishwa kumpita umri, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Naye Methusela alifikisha 969, kisha akafa. Kitabu cha Mwanzo hakitaji tendo lake jingine ila kuzaa watoto.

Basi, wingi wa miaka si uzima wenyewe. Dawa yaweza kurefusha siku. Haiwezi kumpatanisha ndugu na nduguye, wala mtu na Muumba wake. Aliyelishinda kaburi ni Kristo. Kama kuna mtu hujamsamehe, usingoje kuongezewa miaka. Nenda kwake leo, wote wawili mngali hai.

Tuombe. Ee Bwana, siku ulizotupa tuzitumie kwa upendo, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.