Kazi kwa Vijana wa Nanyuki

Maneno yaliyosemwa mbele ya wazazi na mafundi wa mji



Nimeombwa niseme juu ya vijana na uhalifu. Makosa yao sitayahesabu, maana ninyi mnaoishi Majengo na Likii mnayajua kuliko mimi. Nataka kusema juu ya kazi.

Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya Wamumu, huko Mwea, kwa wavulana waliotolewa katika vizuizi kama Manyani. Siisifu serikali ile, kwa kuwa iliwafunga watoto pasipo hukumu ya korti. Lakini liko jambo moja la Wamumu ambalo twapasa kuliangalia. Wavulana walifundishwa kusoma, useremala, uashi na ushonaji. Na walipokaribia kuachiliwa walitafutiwa mahali pa kufanyia kazi hiyo. Kijana alitoka akijua anakwenda kwa nani.

Bwana Geoffrey Griffin, mmojawapo wa waliofanya kazi huko, aliyachukua mafunzo hayo mpaka Nairobi. Mwaka 1959 yeye na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu walianzisha Starehe katika vibanda viwili vya mabati, kwa ajili ya watoto waliokuwa wakirandaranda mitaani. Mwaka 1964 ilipoundwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, Bwana Griffin ndiye aliyewekwa kuwa mkurugenzi wake, akaiongoza hata 1988.

Sasa tuje kwetu. Mtu akitaka kuwasaidia vijana, kwanza hununua mpira. Mpira ni mzuri, nami naupenda. Lakini mchezo ni dakika 90, na jioni ya Nanyuki ni ndefu na yenye baridi. Wengine huwapeleka vijana chuoni, wakapata cheti, kisha hawapati bwana wa kuwapokea. Kijana wa namna hiyo hurudi stendi palepale alipotoka, na rafiki zake wa zamani wangali wakimngoja.

Mji huu una gereji, una wachomeleaji vyuma, maseremala, mafundi cherehani na hoteli za watalii. Kila fundi akimchukua kijana mmoja tu, hata aliyekwisha kufungwa, kwa ujira mdogo na chakula cha mchana, tutakuwa tumefanya lililo gumu zaidi. Najua mnaogopa vyombo vyenu kuibwa. Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo twataka kila kijana aje na mzee wa kumdhamini, atakayejulikana kwa jina na nyumba.

Daftari liko mezani karibu na mlango. Fundi aandike kazi yake, mahali alipo, na siku atakayompokea kijana.